Mgeni Aliyemkazia Baba Macho

Mgeni wangu alimshika baba yangu kidevu mbele ya familia nzima, akamgeuzia uso dirishani kama mtu anayekagua parachichi sokoni.

Sikusimuliwa haya. Nilikuwepo, na nusura nimfukuze mtu nyumbani kwa wazazi wangu.

Lotte ni Mholanzi, alisoma na mke wangu Umulisa. Alikuja kukaa kwetu mjini, mtaa wa karibu na Sonatubes, wiki moja tu. Siku ya kisa hiki ilikuwa wiki ya tano.

Kiswahili alijifunzia Arusha, na ndicho kilichoniponza, maana maswali yake yote niliyaelewa. Kwa nini mwenyeji anaonja kinywaji kabla ya kumpa mgeni? Kwa nini mtu anasema atakuja halafu haji? Kwa nini mnaongea na wakubwa mkiangalia chini?

Nilimchoka. Ilifika mahali najifungia bafuni ili ninywe chai kwa amani.

Jumapili ile Umulisa akashikilia twende na Lotte Ndera kwa baba. Njia nzima nilimpa somo: maziwa unapokea kwa mikono miwili, na mzee humkodolei macho. Akaitikia vizuri kabisa.

Baba alikulia Karagwe, Tanzania. Aliposikia Kiswahili cha mgeni alifurahi, akamketisha karibu yake. Sisi tukainamisha vichwa kama tulivyolelewa.

Lotte akamkazia macho. Nikamkanyaga mguu. Wapi!

Ndipo akamshika kidevu. Dada yangu Akimana akaziba mdomo kwa mkono.

"Lotte, toka nje," nilisema kwa hasira.

"Sangwa, baba yako haoni."

Nikamwambia atuondolee ujuaji wake. Mzee anatujua wote kwa majina tukiingia, haoni vipi?

"Anawajua mkishasalimia," alisema. "Yeye husubiri kwanza."

Ni kweli husubiri. Kwetu anayeingia ndiye anayesalimu, kwa hiyo nani angeshangaa?

Nikanyanyua uso. Nina miaka arobaini na moja, na sidhani kama niliwahi kumtazama baba machoni kwa zaidi ya sekunde mbili. Mboni zote mbili zilikuwa zimefunikwa na utando mweupe.

"Mzee, tangu lini?"

"Mwaka juzi," alijibu taratibu.

"Na hukutuambia?"

"Kila Jumapili mnaniuliza habari, amakuru? Nami najibu ni nzuri, ni meza. Si ndivyo inavyojibiwa?"

Nilimkasirikia Lotte kwa kuwa sahihi. Nilimkasirikia baba kwa kunyamaza. Halafu nikakumbuka maziwa aliyokuwa akimwaga mezani, nasi tukisema ni uzee tu, nikajikasirikia mimi kuliko wote. Miaka miwili tumekaa na kipofu, tunamsalimu kwa adabu na kurudi zetu mjini.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, huondolewa kwa upasuaji. Tukaanza na jicho la kulia.

Bandeji ilipotolewa, baba alinitazama usoni muda mrefu. Shingo ilitaka kuinama yenyewe. Nikaikaza.

"Mwanangu," akasema, "mvi zote hizi umezipata lini?"

Nilitoka nje nikalia.

Lotte bado yuko kwetu, bado anauliza maswali, na bado ananikera, nisiwadanganye.

Lakini ndugu zangu, wainamieni wazazi wenu, sikatazi. Ila kabla hujainama, mtazame kwanza.