Wivu wa Asio na Kindi wa Shamba la Njugu

Asio wa kijiji cha Adungosi ana wivu, na haufichi kwa mtu. Tangu mumewe Emorut alipomleta Cindy kuwa mke wa pili, Asio hupima kila kitu: nyama ya Cindy ina mafuta zaidi, leso ya Cindy ina rangi zaidi, hata kikohozi cha Cindy hupewa pole upesi kuliko chake. Kila asubuhi huenda mpakani Malaba kuwauzia madereva wa malori njugu za kukaanga, na njia nzima hulalamika. Ukimwambia apunguze, atakuuliza kama wewe umewahi kugawana mume.

Msimu huu wa mavuno, wote watatu wakiwa shambani, Cindy alimwona kindi akiingia shimoni na njugu zao. Badala ya kumfukuza, akatia mkono humo ndani. Kindi akamng'ata kidole.

Jamani, kidole kimoja! Emorut alitupa jembe, akakifunga kidole kwa shati lake mwenyewe, akaita bodaboda. Asio naye akapanda nyuma. Kuwaacha waende wawili peke yao? Thubutu!

Kwenye zahanati, muuguzi alikiosha kidole kwa maji mengi na sabuni.

"Usiogope, dada," akamwambia Cindy. "Kindi ni nadra sana kuwa na kichaa cha mbwa. Nitakudunga tu ile ya pepopunda. Wa kuogopa ni mbwa."

Emorut hata hakusikia. Alikuwa akikipuliza kidole, fuu, fuu, kama anayepoza uji wa mtoto. Asio alitazama mpaka wivu ukampanda kooni, akashindwa kuumeza.

"Hata mimi niliumwa!" akapayuka. "Tena na mbwa! Wiki iliyopita, huko Malaba kwa foleni ya malori. Alikuwa anatoa mate tu, akaniuma mguu, madereva wakamfukuza."

Muuguzi aliweka pamba chini. "Ulienda hospitali?"

"Nilipaka majivu."

"Mama, hiyo ugonjwa ikishaanza haina dawa. Ni kifo. Kidonda inawasha? Maji unakunywa vizuri?"

"Haiwashi. Maji nakunywa."

"Basi bado tuko na nafasi. Tunaosha hiyo kidonda saa hii na unaanza sindano leo leo. Usikose hata moja." Akamkazia macho. "Lakini kwa nini ulinyamaza wiki mzima?"

Asio alimtazama mumewe.

"Nilikuwa nangoja aone mwenyewe venye nachechemea."

Cindy aliinamisha kichwa. Emorut akakiachilia kile kidole, akapiga magoti sakafuni mbele ya mke wake wa kwanza, akaushika mguu wake wa kulia kwa mikono miwili na kuanza kukitafuta kidonda.

"Ni ule mwingine," Asio akamwambia.