Miti ya Sukari ya Nibinokwe

Kunguru walikuwa wamerudi. Nibinokwe alipowasikia aliacha kushona viatu, akageukia ukutani ili mumewe asimwone uso. Kila mwaka ilikuwa hivyohivyo. Kunguru wakirudi ufukoni, theluji hulainika mchana na kuganda tena usiku, na maji matamu ya miti ya sukari, yale yanayochemshwa mpaka yawe sukari, huanza kupanda. Wanawake wengine wa kijiji walinung'unika siku mbili tatu, yakaisha. Yeye aliugua hasa, chakula hakipiti.

Alizaliwa chini ya miti ile, ng'ambo ya ghuba. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba alichemsha sukari mpaka adhuhuri, akajifungua, na alasiri akarudi jikoni kwa sababu chungu kilikuwa kinataka kuungua. Mama huyo alijulikana kwa kutia chumvi, lakini Nibinokwe aliipenda hadithi hiyo na hakutaka kuihakiki. Siku alipoolewa na Mizhakwad alikabidhiwa kambi nzima: miti, sufuria mbili za shaba, na makasha ya gome ya kuhifadhia sukari. Kwa watu wao kambi ya sukari ni ya mwanamke. Huipokea kwa mama, humwachia binti, kama Nibinokwe alivyonuia kumwachia Tereza, binti yake. Mume huja pale kwa adabu za mgeni. Atakata kuni, atabeba ndoo, na mdomo wake atautumia kulia chakula tu.

"Kuni zako mbichi kama akili zako," wanawake walimtania Mizhakwad mwaka wa kwanza.

"Basi mniongezee sukari, labda zitaiva," naye akawajibu, wakacheka mpaka wakamwaga ndoo.

Miaka mingi baadaye, Wazungu wa serikali ya Malkia waliita baraza. Walitaka nchi yote ya ufukoni, na wakasema kila ukoo utaje sehemu utakazobaki nazo. Wanaume walikwenda, maana wanaume tu ndio walioalikwa. Mizhakwad alichora ndege korongo, alama ya ukoo wake, chini ya karatasi, akarudi na shati jipya.

"Mmebakiza nini?" Nibinokwe alimuuliza kabla hajavua viatu.

"Kisiwa. Mdomo wa mto, pale penye samaki. Na makaburi."

"Na miti yangu?"

Mizhakwad aliinama. "Mama Tereza, ile ni yako. Mimi ningeanzaje kuitaja mbele ya wanaume? Nilijua hakuna anayeweza kutoa kitu cha mwanamke ambaye hayupo."

Hakuna mwanamume wa kijiji aliyeitaja miti ya mkewe. Wote walikuwa na adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyowamaliza. Karatasi ilihesabu kwamba kisichotajwa kimetolewa. Nibinokwe hakuzungumza na mumewe mpaka barafu ya ziwa ilipokwisha, na hata baadaye hakuweza kumchukia vizuri, kwa kuwa angekuwa yeye angefanya vilevile. Hilo ndilo lililomtesa. Hasira ingekuwa na mtu wa kuangukia, angalau angepumua.

Miaka kumi na moja ikapita. Mashamba ya walowezi yakaja, na upande wa miti ya sukari akakaa mlowezi mmoja aitwaye Dankani, ambaye alikuwa ameokota lugha yao kidogokidogo kwa kununua samaki. Kunguru waliporudi mwaka huu, Mizhakwad aliiona sahani ya mkewe haijaguswa, akavuka barafu peke yake. Alirudi jioni, viatu vimelowa.

"Nimekukosea adabu," alisema. "Nimeizungumzia miti yako. Dankani amekubali uchemshe mwaka huu, kwenye miti ile ya mama yako karibu na kijito."

Nibinokwe alimtazama, kisha akaanza kutafuta sufuria. Alikuwa anaimba. Mwanamke wa miaka sitini, na anaimba kama binti!

Asubuhi walivuka. Miti ilikuwepo. Aliigusa mmoja mmoja, akaona makovu ya zamani aliyoyachonga yeye na mengine aliyoyachonga mama yake, yaliyokwisha kuziba kabisa. Aliweka tumbaku kwenye mzizi kuushukuru mti, akatoboa, akapachika kijiti cha kupitishia maji. Maji yakaanza kudondoka kwenye ndoo ya gome, tone kwa tone, na machozi yakamtoka bila kujizuia.

Dankani alifika na karatasi na kalamu. Hakuwa mtu mbaya, hata mkate alikuwa ameleta.

"Mama, tia alama hapa tu," alisema. "Majirani wasije wakasema mna madai. Inasema miti ni yangu, na wewe umeingia kwa ruhusa yangu."

"Na nisipotia?"

"Basi siwezi, mama. Nami nina watoto."

Nibinokwe aliishika kalamu. Mkono wake uliitaka sukari ile kiasi kwamba ulianza wenyewe kusogea. Aliwaza moshi, na povu linavyopanda, na Tereza akilamba mwiko. Alama moja ndogo, na yote hayo yangekuwa yake mpaka mwezi uishe.

"Ulipokuwa hujazaliwa," alimwambia Dankani, "mimi nilikuwa nimelala hapa, nanyonya. Nani alinipa ruhusa?"

Nibinokwe akamrudishia kalamu yake.

Hakuyamwaga maji yaliyokwisha kujaa kiganja kimoja. Aliyanywa, akampa mumewe yaliyobaki. Kisha wakabeba sufuria tupu na ndoo, wakashika njia ya barafuni. Kijiti alikiacha mtini, hakuwa na moyo wa kukichomoa. Kwa hatua nyingi aliendelea kuyasikia maji yakidondoka ardhini, na kila tone alitamani kurudi.