Siku Nilipopiga Marufuku Mkaa Mlingotini

Mpaka leo nikipita Mlingotini najitanda mtandio mpaka puani, na si kwa sababu ya jua, ni aibu, na kila nikiikumbuka siku ile hasira inanipanda upya kama mambo yametokea asubuhi hii.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari (hilo ndilo lililoniponza). Walikuja wageni kuzungumza na wanakijiji habari za bandari na sheria za kimataifa za meli, mgeni mkuu akiwa mwanasheria wa mambo ya bahari, Mzungu, na aliyemleta ni mratibu kutoka Dar, Bwana Faraji. Mkalimani wao hakutokea, basi Bwana Faraji akaniuliza kama naweza kushika nafasi, na mimi, badala ya kuuliza kwanza kinazungumzwa nini, nikajibu hilo dogo.

Mwanzo nilikwenda vizuri. Mgeni akaeleza kwamba meli zinachoma mafuta mazito, hata zikiwa zimefunga gatini injini zinanguruma tu badala ya kulishwa umeme wa bandarini, na mataifa yanajadiliana namna ya kupunguza kaboni. Nikasema "kaboni", watu wakanikodolea macho, nikataka kuonyesha ufundi (shetani huyo), nikasema kaboni, yaani mkaa. Basi mgeni aliposema kuna pendekezo kwamba anayetoa kaboni nyingi ailipie, mimi nikatangaza kwenye kipaza sauti kwamba atakayetoa mkaa mwingi atalipa, na sheria yenyewe ni ya dunia nzima, hakuna pa kukimbilia.

Mama mdogo wangu, Mwanahawa, anauza mkaa. Alikuwa amekaa mbele kabisa, kavaa khanga mpya kwa ajili yangu. Akasimama.

"Zuhura mwanangu, hao wenye meli wamekutuma uje kutuzimia jiko?"

Wanawake wakainuka, kila mmoja na lake, mgeni akaniuliza wanasemaje, na mimi kwa kuona haya nikamwambia wamefurahi sana. Akapiga makofi, maskini, huku anatabasamu, na wao wakaona wanakejeliwa, viti vikaanza kuanguka.

Ndipo Bwana Faraji alipoinua macho kwenye simu yake, akachukua kipaza sauti, akasema kwa Kiswahili safi mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu: "Mwalimu, hewa ya ukaa na mkaa wa kupikia hujui tofauti?"

Wakacheka. Kumbe neno alikuwa nalo, lugha zote mbili anazo, na muda wote kakaa kivulini ananiangalia nazama.

Wageni wakafunga mkutano, wakapanda magari yao, wakaenda zao. Watu walikuwa na maswali ya maana, moshi wa meli, sehemu za kuvulia, na huo umeme wa kuzilisha meli bandarini utatoka wapi ikiwa wao wenyewe wanakatiwa kila mara. Halikuulizwa hata moja. Baadaye nikasikia eti wamesema watu wa kule ni wagumu kuelewa.

Nilikwenda kwa mama mdogo kumwomba radhi. Nikampa shikamoo, akaitikia huku anaendelea kupepeta mchele wake, nikamweleza yote, kwamba ni moshi wa meli na si mkaa wake.

"Kwa hiyo jambo lilikuwa letu," akasema, "wamekuja, wameondoka, na sisi hatujasema kitu."

Nimeapa, sisimami tena kuwasemea watu neno nisilolijua, na akija mwingine mwenye neno lake mfukoni akataka kunitanguliza mimi, nitamrudishia kipaza sauti hapohapo, niende nikakae na mama mdogo wangu, tuulize.