Udongo wa Kobe

Juzi hotelini nilimwona kobe akikwaruza vigae, nikakumbuka ua wetu kule Iftin, mtaa wa mji wenye joto kali. Baba alikuwa amemwaga kokoto kwenye kijiboma cha kobe wangu ili asichimbe, na alasiri nzima tulisikia makucha yakikwaruza. Sikujua kuwa kokoto zilikuwa zikimchoma kwa joto la jua. Nilidhani anataka kwenda kwao, kama mama, aliyelilia baridi ya kwao Nyeri kila joto lilipozidi.

Bibi kizee jirani yetu, tuliyemwita Ayeeyo, yaani nyanya kwa Kisomali chake, alizizoa kokoto, akamwaga udongo mwekundu, akaunyunyizia maji ya birika. Ikapanda harufu ya mvua.

"Huyu hapana toroka," alimwambia mama. "Yeye nataka baridi ya chini."

Kobe alijifukia, akatulia. Mama akavua viatu, akaingia bomani, akaukanyaga udongo ule wa baridi.