Kipande cha Yatima

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa gauni la kitenge lililopigwa pasi mpaka likakakamaa, nikidhani naenda kukaa ofisini. Mkuu wa Kituo, mtu mfupi mwenye sauti ya watu wawili, alinitazama juu mpaka chini, kisha akanipa kamba na fungu la vijiti vya kupimia. "Karibu, Bibi Shamba," alisema. "Ofisi yako ndiyo ile." Akanyoosha kidole kwenye mahindi. Kituo chetu cha utafiti wa kilimo kilikuwa nje kidogo ya Muheza, na jina hilo la Bibi Shamba limenikaa tangu siku ile. Wako majirani zangu hapa ambao hawalijui jina nililopewa na baba.

Zilikuwa zama za maduka ya ugawaji, sabuni ikipangiwa foleni. Nyinyi mnaosoma kilimo leo mnalalamika mtandao ukisumbua. Sisi Landrova ya kituo ilikosa dizeli hadi kuku wakawa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Tulikwenda mashambani kwa baiskeli. Mifuko ya kuwekea sampuli za udongo ilipotuishia, nilikwenda Tanga mjini kwa Mzee Hasanali, Mhindi mwenye duka la vyakula, nikamwomba mifuko yake ya karatasi. Alinipa yote. "Chukua, mama," alisema. "Mifuko ya sukari hii, na sukari yenyewe haipo."

Kutoka Muheza nilihamishiwa upande wa Horohoro, kwenye vijiji vya pwani ambako udongo ni mchanga na mvua ilishaanza kutuhadaa. Bosi wangu huko alikuwa Mtafiti Mkuu, mwembamba, msomi kwelikweli, asiyependa maneno mengi. Alitaka kujua jambo moja: mkulima akikosa mbolea ya dukani, na mvua ikiwa haba, je, mbaazi zinaweza kuuweka udongo wake hai? Mbaazi mizizi yake huchimba mbali, na majani yake yakipukutika huoza yakawa chakula cha ardhi.

Ili kulijua hilo, shamba hugawanywa vipande. Cha kwanza tulikipa mahindi na mbolea ya dukani. Cha pili, mahindi na mbaazi. Cha tatu ndicho kipande cha ulinganisho: hupandwa mahindi kila msimu na hakipewi kitu, si mbolea, si samadi, si hata jivu la jikoni, ili vile vingine vipimwe kwacho. Bila hicho huna utafiti, una hadithi tu.

Aliyetupa shamba alikuwa Mzee Faki, Mpemba aliyehamia bara zamani na mkewe Bi Mize. Ni kipande gani kipewe nini, hilo huamuliwa kwa kura, mtafiti asije akapendelea. Tulitumbukiza vikaratasi kwenye kofia ya Mzee Faki mwenyewe. Kura ya kunyimwa ikaangukia pale mbele ya mlango wake, kwenye udongo ulionona kuliko wote.

"Mzee, waweza kukataa," nilimwambia.

"Kura ni kura, mwanangu," alijibu. "Nshatoa neno langu."

Misimu ikapita. Kipande kile kilianza kupauka, mahindi yakawa ya njano na mafupi, na kila aliyekwenda kubisha hodi kwa Mzee Faki alipita kando yake. Wanakijiji wakakiita yatima. Wanawake wakitoka kisimani humwuliza Bi Mize, "Yatima wenu hajala hata leo?" Wakicheka. Wao walitania, lakini kwa watu wa pwani kumnyima yatima si jambo la kuchekesha, na Bi Mize alikuwa haliwezi. Yatima anyimwe, tena mlangoni pako!

Mwaka mmoja, baada ya Idi ya kuchinja, nilifika nikakuta pembe moja ya kipande imekuwa kijani kibichi. Nilichutama, nikafukua kidogo. Samadi ya mbuzi.

"Nani katia hii?"

"Miye," alisema Bi Mize, wala hakuinamisha macho. "Ilikuwa sikukuu, bibi. Kila mtu kapewa. Yeye ntamwachaje?"

Nilirudi na habari. Mtafiti Mkuu alifunga daftari la vipimo. Hakufoka, na afadhali angefoka. "Takwimu za kipande hicho haziaminiki tena," alisema. "Kahamishe mipaka, uiache pembe hiyo nje, na hesabu ya misimu ianze upya."

"Mzee wa watu amevumilia sana, Mkuu."

"Najua. Lakini tukiwaambia watu uongo kuhusu udongo, watalala njaa kwa uongo wetu. Nenda."

Alikuwa na haki, na nilimchukia. Nilikwenda nikasema nilichotumwa. Mzee Faki alimtazama mkewe, akanitazama mimi, akaingia ndani. Msimu uliofuata alipanda upya kama alivyoagizwa.

Kisha masika yakatukosa kabisa. Kipande cha kwanza kiliungua, kwa maana mbolea ile bila maji ni moto. Cha tatu hakikutoa kitu. Cha pili kilitoa mahindi machache, na mbaazi zikazaa jua likiwaka. Bi Mize alizipika kwa nazi, na wale wale waliokuwa wakimcheka wakaja na vibakuli kuomba mbegu. Hakumnyima hata mmoja. Jibu tulikuwa tumelipata, lakini mwaka mmoja si ushahidi. Yatima aliendelea kunyimwa.

Ikaja enzi ya ruksa, biashara ikaachwa huru. Maduka yakajaa sabuni na vitambaa vya kila rangi, nasi tukafurahi, siwezi kusema uongo. Lakini ruzuku ya mbolea iliondolewa, mifuko ikakaa dukani ikitazamwa tu. Siku moja tukaitwa Raskazone, Tanga mjini, kwenye ofisi iliyotazama bahari. Ofisa mmoja asiyetufahamu alitusomea majina ya wanaopunguzwa kazini. Langu lilikuwemo. La Mtafiti Mkuu pia. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akaniambia, "Kang'oe vibao vya utafiti mashambani, Bibi Shamba. Wasije wakadhani tutarudi."

Siku hizi mbaazi ni jambo la kawaida upande ule, na wanaozilima hawajui kama ziliwahi kupimwa na mtu. Hilo halinisumbui. Huja kwangu vijana wa chuo, wananiamkia shikamoo vizuri, wananiuliza tulifanikiwa vipi bila vifaa. Nami nataka wajue kwamba kile kipande cha tatu kwenye michoro yao ni ardhi ya mtu, nayo ina wenyewe wanaoitazama kila asubuhi. Wakitaka kujua zaidi, huwasimulia siku yangu ya mwisho kazini.

Nilimkuta Mzee Faki barazani. Nilimwamkia, nikakaa.

"Mzee, utafiti umekwisha."

"Umekwisha, au umesimama?"

"Umesimama, na hautarudi. Wametuachisha kazi."

Alinipa pole, kwa dhati kabisa. Kisha akakitazama kipande mbele ya mlango, udongo mweupe, mabua membamba ya msimu uliopita.

"Na huyu?"

"Ni wako, mzee. Mfanye upendavyo."

"Leo hii?"

"Leo hii."

Aliinuka kwa kujishika ukutani. Nilidhani anakwenda kunichotea maji. "Mize!" aliita. "Mize, njoo! Karuhusiwa kula."

Bi Mize alitoka jikoni mikono ikiwa na unga. Hakuuliza nani. Alikwenda moja kwa moja kwenye zizi la mbuzi, akajaza ungo samadi, akarudi nao kichwani machozi yakimchuruzika. Nami nilijaza karai, nikamfuata. Alipofika katikati ya kipande alipiga magoti, akamwaga ungo wote, akaisambaza samadi kwa viganja vyake.

"Tuwie radhi, mwanangu," akauambia udongo.

Nikapiga magoti kando yake, nikamwaga karai langu, nikasema kama alivyosema yeye.