Sahani ya Gaston

Ukifika L'Esterre, kijiji chetu katika kisiwa kidogo jirani na Grenada, ukiwa mgeni, bahari uliyoahidiwa utaipata, hiyo sina wasiwasi nayo. Mimi ndiye ninayevusha watu kwa boti kwenda Sandy Island, na bado sijamwona aliyeyatazama maji yale akadai kadanganywa. Lakini ukifikia kwa Tanti Elvina, shangazi wa kijiji kizima, utapata na mengine. Utaamshwa na jogoo. Ukimpita mtu bila salamu, utarudishwa ukaanze upya. Na wasemavyo kwamba mgeni siku ya tatu mpe jembe, kwake si maneno tu: mzee mmoja wa Denmark aitwaye Henrik, mpole, mwenye miguu mirefu, alipewa beseni zima la mbaazi amenye.

Tangazo la nyumba yake ya wageni lilitungwa na mjukuu wake aliyeko Brooklyn, ambaye hajakanyaga hapa tangu alipokuwa akibebwa. Liliahidi upepo mwanana, ndege, na chakula cha jioni kwa mwanga wa mishumaa. Tanti hakuwahi kulisoma. Kwake yeye mshumaa ni wa umeme ukikatika, au wa wafu.

Mumewe, Gaston, alifariki ghafla mwaka juzi. Asubuhi ile walikuwa wamegombana kwa jambo la kijinga, kuku wa jirani nadhani, na Tanti akapanda feri kwenda Grenada bila kumpikia. Aliporudi alimkuta keshafunikwa shuka. Tangu hapo Gaston akawa anamjia ndotoni, amesimama kwenye mlango wa jiko na kofia mkononi, akisema neno lile lile: "Sijala, Elvina." Mwanamke ambaye kicheko chake kilikuwa kikisikika hadi barabarani akanyamaza, akakonda, na sisi tuliompenda tukaumia kumtazama.

Kwetu marehemu akiomba chakula hupewa. Tukachinja mbuzi, wanawake wakaviringisha madonge ya ugali, ngoma zikapangwa uani, kijiji kizima kikaja kula. Lakini kabla ya mlo wa watu kuna sahani ya wazee waliotangulia: chakula kisicho na chumvi, maana wafu hawaitaki, kinawekwa katika chumba cha peke yake juu ya kitambaa cheupe, pamoja na bilauri ya ramu na mshumaa. Haiguswi mpaka kupambazuke. Tanti aliipakua mwenyewe. Akaongeza mbaazi, akapunguza, akaongeza tena.

"Akikikataa hiki, Josiah," aliniambia, "sijui nitampa nini tena."

Jua likiwa linaelekea kuzama, sote tuko uani, Odile akaingia ndani kuangalia mshumaa. Huyu ni dada yake Gaston, mtu asiyetabasamu hata harusini. Akatoka na kusimama mlangoni.

"Mzungu wenu kakaa mezani," alisema. "Kala sahani ya kaka yangu."

Ngoma zikanyamaza. Tulimkuta Henrik amekunja leso vizuri, mfupa ameusafisha, bilauri tupu. Alikuwa ametoka ufukweni na njaa yake, akaona mwanga, akajua zamu ya mishumaa imefika hatimaye. Aliingojea tangu alipofika, ila aliona haya kudai.

"We baba, kwenu hamfunzwi adabu?" Odile alimvaa. "Chakula cha marehemu unakifakamia hivyo?"

Henrik akasimama, uso umemwiva. "Cha marehemu? Naomba radhi, mama. Tangazo lilisema mishumaa."

"Na ramu je? Nayo ilikuwa kwenye tangazo?"

"Nilidhani ndiyo desturi," alisema kwa sauti ndogo.

Nyuma yangu wawili watatu wakaziba midomo. Mimi sikuweza kucheka, nilikuwa namtazama Tanti.

"Mtoe nje, Elvina," Odile akasema. "Tupike upya, tuone kama Gaston atatusamehe."

Tanti alikwenda mezani, akainua sahani, akaigeuza kwenye mwanga. Haikuwa na hata punje.

"Umekula chote?"

"Chote, mama."

"Na mbaazi?"

"Na mbaazi. Chumvi tu ndiyo ilipungua."

Moyoni nikamwambia, ewe mzee, nyamaza. Tanti akavuta kiti, akaketi mbele yake, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Nitazame," akasema. "Umeshiba?"

Henrik hakujua swali lile limetoka wapi. Alitambua tu kwamba si la mchezo, kwa hiyo alilifikiria kwanza.

"Nimeshiba, mama. Nimeshiba kweli. Ahsante kwa kunipikia."

Tanti akailaza sahani mapajani na kulia, kilio cha kwikwi ambacho hata mazikoni hakukitoa. Odile alibaki amesimama na hasira zake, hana pa kuziweka. Mwisho akaichukua ile bilauri, akaijaza ramu, akaitua mbele ya Henrik bila kumtazama.

Asubuhi nilipokwenda kumchukua mgeni kwa boti, nilisikia kicheko nikiwa bado barabarani. Nilikuwa nimekisahau. Tanti alikuwa akimmiminia Henrik chai, na katikati ya meza, mchana kweupe, mshumaa unawaka.

"Gaston alikuja usiku?" nilimnong'oneza.

"Hakuja," alisema, akanisogezea kiti. "Kaa ule."