Vitanda Vinane, na Mama Yangu Barazani

Nikikwambia nimechoka, usidhani ni uchovu wa jana. Miaka sita nimefua mashuka ya watu nisiowajua. Loji yetu iko Ruti, pembeni mwa barabara inayotoka Mbarara kwenda Kabale, fasi malori yanapojiandaa kwa ile safari ya milimani. Vyumba vinane, vitanda vinane, choo kimoja uani, na bomba moja ambalo likikauka sisi ndio tunaotukanwa. Shuka ukilianika asubuhi, saa sita limeshapata rangi ya barabara. Unafua tena. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa loji mpe jembe uone! Atakuuliza mbona halikupigwa pasi.

Na hakuna aliyetulazimisha, tuliinunua wenyewe. Mimi na mume wangu tulitoka kwenye milima ya Kivu Kusini mwaka wa 1996, mimi nina mimba ya kwanza, tukafika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, na sufuria moja na Biblia yake. Huko kambini tulikaa miaka kumi na mitatu, kwanza chini ya turubai la shitingi, kisha kwenye nyumba ya udongo tuliyoifinyanga kwa mikono. Mimi nililima mahindi na maharage. Yeye alinunua ndama Endiinzi na kuuza, akanunua na kuuza, mpaka akawa na ng'ombe wake kumi na mmoja aliowaacha kwa rafiki yake mfugaji wa hukohuko. Siku aliposikia kwamba mzee mmoja wa Ruti anauza loji yake, alirudi nyumbani na macho ya mtu aliyekunywa, na yeye pombe haijui.

"Mama watoto," akaniambia, "ng'ombe hufa. Barabara haifi."

Wale ng'ombe nilikuwa nikiwapenda, hasa mmoja mwekundu mwenye pembe moja. Nililia siku walipouzwa, naye akajifanya hanioni.

Watu wa milimani hatununui kitu kwa haraka. Mume wangu alikwenda Ruti mara tatu kabla ya kukubali. Alipanda juu ya bati kutafuta kutu. Aligonga kuta kwa ngumi, akaonja maji ya bomba, akauliza majirani habari za wezi na habari za kanisa. Siku ya kutia sahihi alikuja na wazee wawili wa kanisa letu la Nakivale, na mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri. Wale wazee waliuliza maswali mpaka muuzaji akaomba maji ya kunywa. Waliuliza kila kitu, isipokuwa swali moja ambalo kwetu huwa ni la kwanza: mama mkwe akija, atalala wapi?

Kwetu mama wa mke halali chini ya paa moja na mkwe wake. Haiwezekani. Wakikutana njiani, mwanaume anaingia majanini na mama anajifunika kitenge, wanasalimiana kila mmoja akiangalia upande wake. Ni heshima, na ukiivunja unaona haya mpaka kwenye mifupa. Kwa hiyo mwanaume anayejenga huacha kipande cha uwanja, akainua hapo kijumba kidogo, na mama mkwe akija kumwona binti yake analala humo kwa amani. Kiwanja cha Ruti kilikuwa kimeishia kwenye ukuta. Kushoto gereji, kulia mashine ya kusaga, nyuma migomba ya jirani. Hata banda la kuku lisingeenea.

Hakuna aliyeuliza kwa sababu mama yangu tulikuwa tumeshamlilia. Siku tuliyokimbia alishika njia nyingine na mdogo wangu wa kiume, na baadaye mtu wa kijijini kwetu akafika Nakivale akasema wote wawili wameisha. Tukakaa matanga. Nikanyoa nywele. Basi kijumba cha nani?

Mwaka wa tatu wa loji, nikiwa nimeinama kwenye beseni la mashuka, simu ikalia. Sauti ya mwanaume ikasema, "Dada, ni miye mudogo wako. Tuko hapa Oruchinga. Niko na mama." Nikamwambia utani wa namna hiyo unaleta laana, nikakata. Akapiga tena. Safari hii akampa mama simu, na mama akaniita kwa jina la utotoni ambalo Uganda nzima hakuna anayelijua. Ee Yesu wangu! Sikumbuki nani alimalizia yale mashuka.

Nilimkuta kwenye kambi ya Oruchinga ameketi kwenye kirago chake mbele ya hema, amekuwa mdogo kama mtoto, jicho moja lina ukungu. Tulilia mpaka majirani wakaja kutuliza. Tulipopata pumzi nikamwambia kwa fahari, nakiri ilikuwa fahari, "Mama, niko na vitanda vinane. Twende ulale."

Akanifuta uso kwa kitenge chake. "Na mukwe wangu analala wapi?"

"Mlemle, Mama. Tuna chumba chetu nyuma ya mapokezi."

"Basi ile nyumba ni ya mukwe," akasema. "Miye siwezi lala mule, mwanangu. Unataka batu banicheke?"

Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya siku ya kwanza tu. Kumbe alikuwa amemaliza.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Jicho lake lilimleta kwenye hospitali kubwa ya Mbarara mara kwa mara, na kila mara daktari akimwambia arudi kesho, mama yangu alitandika kirago chake kwenye baraza la hospitali pamoja na wasio na ndugu mjini. Mimi nilimpelekea uji na blanketi kwa bodaboda, nikarudi Ruti kutandikia madereva. Mtu ambaye hata jina la mama yake sijui analala kwenye godoro langu, anakoroma, na mama yangu yuko kwenye sementi. Nikawa mkali kwa wageni. Mmoja alilalamikia mto, nikamwambia aende akalalie gunia la mkaa lililo kwenye lori lake.

Mume wangu alijaribu, siwezi kumsingizia. Alisema atakwenda kulala kanisani siku mama akija. Mama akajibu kwamba hata akilala Kampala, koti lake litabaki limening'inia humo. Mume wangu akaita tena wale wazee wawili wa kanisa, akatamka mbele yao kwamba tangu siku hiyo loji ni ya mke wake, na mwenyekiti akagonga muhuri mwingine. Nilipeleka ile karatasi Oruchinga kama mtu anayepeleka mahari. Mama alimsikiliza mdogo wangu akiisoma yote, akauliza, "Na sasa yeye analala wapi?" Nikaikunja ile karatasi. "Ee, si nilisema?" akasema, akaendelea kuchambua maharage.

Mwaka huu wa 2015 mvua ilimkuta pale barazani. Nilipofika asubuhi na chupa ya chai, kirago kilikuwa kimelowa na yeye amejikunja ukutani, anatetemeka, kesho yake wampasue jicho. Hasira ilinipanda nikasahau kwamba nazungumza na mzazi.

"Nilikulilia miaka kumi na sita!" nikamwambia. "Nilinyoa nywele! Mungu amekurudisha, na wewe unakuja kufia kwenye baraza la watu? Kwa sababu ya koti?"

Wagonjwa wengine wakageuka. Mama akanywa chai yake bila haraka. Kikombe kilipoisha akaniuliza, "Bale banalala kwako ni batu gani?"

"Yeyote anayelipa."

"Ni bakwe?"

"Hapana, Mama. Ni wapita njia tu. Wanalipa, wanalala, wanaondoka."

Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa noti moja aliyopata kwa maharage, imekunjwa mpaka imekuwa ndogo kama punje. "Basi na miye nitalipa," akasema. "Mupita njia hana mukwe."

Nilipompigia mume wangu kumweleza, alipiga kelele kama mtu aliyekanyaga moto. Kuchukua pesa ya mama mkwe! Kwetu wewe ndiye unayempelekea, mpaka kaburini. Alisema bora alale naye nyumba moja kuliko aibu hiyo, kisha akasikia alichokisema, akakata simu. Tulipofika Ruti alikuwa ameshaondoka kwenda Endiinzi, na koti lake amelichukua.

Nikafungua daftari la wageni. Jina, anakotoka, anakokwenda. Alikotoka alinitajia kijiji chetu, kile ambacho hakina mtu tena, si Oruchinga. Nikaandika.

"Umeandika miye ni nani?"

"Nimeandika mgeni."

"Ni vizuri," akasema. Kwangu haikuwa vizuri hata kidogo. Mkono uliandika na roho ikakataa, lakini noti niliipokea, kwa sababu nisingeipokea angegeuka pale pale mlangoni.

Nilimpa chumba namba tano, kilicho mbali na barabara. Nilitandika mashuka mapya niliyokuwa nimeyaficha tangu tununue, sijui nikimngojea nani. Nikamletea maji ya moto na bugali na sombe ya majani ya muhogo, akala vizuri, akanitania kwamba loji yangu inapika kuliko harusi. Kisha akafunga mlango kwa ufunguo. Mgeni kamili.

Alfajiri niliamka kabla ya madereva, nikawasha makaa, nikabeba chai mpaka namba tano. Mlango ulikuwa wazi. Mama yuko uani ananawa uso. Kitanda kilikuwa vilevile nilivyokiacha, shuka halina hata kunjo moja, mto umesimama. Chini, kati ya kitanda na ukuta, kirago chake kimetandikwa juu ya sementi, na juu yake blanketi lililokunjwa nusu.

Nilitaka kupiga kelele. Miaka mitatu ya kubembeleza, muhuri, noti, mume wangu kafukuzwa kwenye nyumba yake, na bado sementi! Akaingia na maji yanamdondoka kidevuni, akaona ninavyokitazama kitanda.

"Hiki kitanda ni nani alinunua?" akauliza kwa upole.

Alikuwa anajua.

"Juu ya kitanda ya mukwe siwezi panda, mwanangu. Lakini mu nyumba yako nimelala. Nimelala muzuri. Usikasirike."

Niliweka chai sakafuni, nikakaa kwenye kirago, na nilipokaa nikakuta bado kina joto lake na ile harufu ya moshi na mafuta ya mawese niliyokuwa nimeisahau. Nikajilaza nipumue kidogo tu. Makaa yanawaka, madereva watatu wanataka maji ya kuoga, mashuka ya jana bado yako kwenye beseni, na saa nne lazima tuwe hospitali. Nilijua yote hayo. Mama akanivutia blanketi mpaka shingoni, akatoka, akavuta kigoda akaketi mlangoni.

Dereva mmoja akaja na beseni lake, akapiga kelele kwenye ukumbi: maji ya moto yako wapi, mwenye nyumba yuko wapi, watu wanachelewa Kabale!

"Punguza sauti, baba," nikamsikia mama akimjibu. "Mwenye nyumba amelala."